Glavu za Kuvulia Alfajiri ya Kipupwe: Jibu kwa Kijana wa Hombolo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Hombolo, hapa Dodoma. Navua perege na kambale kwa fimbo na kwa mshipi wa mkono, nikiwa nimesimama ukingoni mwa bwawa kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Kuanzia Juni mpaka Agosti vidole vinakufa ganzi hata nashindwa kutia chambo kwenye ndoana, na mwaka huu mshipi umenichana kidole cha shahada mara mbili. Shemeji yangu anaishi Uskochi, naye huvua baharini wakati wa baridi akiwa amesimama ufukweni. Anataka kunitumia glavu kama zake, za neopreni ya milimita 5. Wenzangu wanasema ninunue tu glavu za mafundi ujenzi. Nifuate lipi? Na dada yangu, anayeparua samaki asubuhi hiyo hiyo, anauliza kama anaweza kuzitumia na yeye.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla shemeji yako hajafunga mzigo, kwa sababu glavu anayotaka kukutumia ni nzuri sana kwa kazi yake na haifai kwa kazi yako. Nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana ukishaielewa utaweza kuchagua glavu mwenyewe hata ukiwa peke yako sokoni.

Anza na jaribio moja. Alfajiri yoyote ya Julai, chovya mkono bwawani hadi kifundoni na uuache humo kidogo. Utahisi kwamba maji yana uvuguvugu. Kisha utoe, uuelekeze upande unakotoka upepo, na uhesabu polepole hadi sitini. Baridi itakayokupata hapo ndiyo inayokuua vidole kila siku, na kama ulivyojionea, haikuwamo ndani ya maji. Bwawa huhifadhi joto la jua la mchana, ilhali hewa ya Dodoma, kwa sababu ya mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hushuka usiku wa Julai hadi karibu nyuzijoto 13 za Selsiasi. Mkono ulipotoka majini ukiwa umelowa, upepo mkavu wa kwetu ulianza kuyakausha maji yale, na maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto la mwili.

Jambo hilo unalijua tangu utoto, kwa sababu ndilo linalopoza maji ya mtungi. Bibi akiuweka mtungi wa udongo mahali penye upepo, unyevunyevu unaojipenyeza nje ya udongo hukauka na kuchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Gramu moja ya maji ikikauka hubeba takribani jouli 2,400 za joto. Mkono wa mtu mzima una uzito wa kama gramu 400 hivi. Maji ya kujaza kijiko kimoja cha chai yakikaukia mkononi, na kama damu isingekuwa inaleta joto jingine, mkono huo ungepoa kwa nyuzijoto karibu nane. Wewe unalowesha mkono kila unapotia chambo, kila unapovuta mshipi na kila unapomshika samaki. Yaani kwa saa nne mfululizo unakuwa mtungi uliowekwa upenuni.

Damu nayo inafika kwa shida. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya vidoleni ili joto libaki kifuani na tumboni. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzijoto 15 hivi, vidole hupoteza wepesi wa kazi ndogondogo kama kufunga fundo. Ikikaribia 8, hata ukigusa kitu huwezi kukihisi. Ndiyo maana unaiona ndoana lakini vidole havijui kama vimeishika.

Sasa tumtazame shemeji yako. Huko aliko, bahari mwezi Februari huwa na nyuzijoto kama 6, na mawimbi humrukia akiwa amesimama ufukweni. Adui yake ni maji yenyewe, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili kwa kasi takribani mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Neopreni, mpira uliobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930, hutengenezwa kama sponji yenye vipovu vya gesi vilivyofungwa kila kimoja peke yake, hivyo maji hayawezi kuijaza na joto halivuki kwa urahisi. Zaidi ya hapo, mvuvi wa ufukweni hutumia fimbo ya futi 12 au 13, hulitupa chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia mshipi, la gramu 110 hadi 170 nje ya mawimbi, kisha huiegesha fimbo kwenye nguzo yake na kuitazama ncha. Mikono yake hungoja kwa muda mrefu kuliko inavyofanya kazi. Wewe umeushika mshipi kidoleni ili uhisi perege anapodonoa. Ukivaa milimita 5, vidole vitakuwa vinene na vikaidi, hutahisi kitu, na nina hakika kufikia siku ya tatu utakuwa umezivua na kuziacha kwenye mfuko, ukirudia mateso yale yale.

Kuna kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Neopreni nyingi hufunikwa kitambaa cha nailoni upande wa nje. Kitambaa hicho hunywa maji, na upepo ukikikausha hukipoza kama ulivyokuwa ukiipoza ngozi. Ukiwa majini hilo halina madhara, lakini kwetu, ambako mkono uko hewani karibu muda wote, linapunguza sana thamani ya glavu. Ipo neopreni yenye uso laini usio na kitambaa, unaofanana na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Maji huteleza juu yake na upepo haupati cha kukausha. Basi ikiwa shemeji yako ameshaazimia kutuma zawadi, na zawadi ya shemeji haikataliwi, mwambie iwe ya milimita 2, uso laini nje, ukosi mrefu unaopita kifundo cha mkono na kufungwa kwa mkanda, na vidole viwili vya mbele vinavyoweza kufunuliwa. Wavuvi wengi wa ufukweni hata huko wanapendelea unene wa namna hiyo kuliko milimita 5.

Lakini kama ningekuwa mimi, nisingengoja mzigo. Wenzako wana haki kwa kiasi kikubwa. Zile glavu za kufumwa zilizochovywa mpira upande wa kiganja, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zina mshiko mzuri sana kwenye mshipi uliolowa na kwenye ngozi ya kambale, ambaye hana magamba na huteleza kama mlenda. Upungufu wake uko mgongoni mwa mkono, ambapo ni uzi mtupu: maji huingia, upepo hupita, na tumerudi kwenye mtungi. Dawa yake ni rahisi. Ndani yake vaa glavu nyembamba ya nitrili, ile ya bluu wanayoivaa wahudumu wa afya. Tabaka hilo jembamba huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na la muhimu zaidi, huzuia unyevu usikaukie juu ya ngozi. Ya nje italowa na kupoa, lakini ngozi yako haitakuwa ndiyo inayokaushwa. Utatoka jasho kidogo ndani, nalo halina madhara kwa muda wa saa nne, ila ukipumzika kunywa chai ubadilishe ya ndani. Chagua nitrili badala ya lateksi, yaani mpira wa asili, ikiwa ngozi yako huwashwa na mpira huo, na ya nje chukua iliyochovywa nitrili pia.

Nimewaona wavuvi wakinunua glavu nene za mitumba, zile zilizotengenezewa watu wa theluji, kwa sababu zinavutia ukizibinya na mkono unapata joto papo hapo ukizijaribu sokoni. Nakusihi usizinunue. Pamba ya ndani ikishalowa haikauki kwa siku mbili, hugeuka gunia la maji baridi, na siku ya tatu inanuka. Glavu za ngozi za mafundi wa kuchomelea nazo hulowa, kisha hukauka zikiwa ngumu kama gamba la mti.

Sufu ni habari nyingine, na hapa nina jambo la kukuonya na jambo la kukusifia. Sufu hubakiza sehemu ya joto lake hata ikilowa, jambo ambalo pamba haiwezi. Kwa hiyo, Julai moja miaka mingi iliyopita, nilikwenda Hombolo na glavu za sufu za kufumwa kwa mkono, nikijiona nimepata suluhisho. Kambale akala, nikamvuta hadi kwenye tope la ukingoni, nikainama kumtoa ndoana. Alipojipinda, ncha ya ndoana ilimtoka mdomoni ikaingia kwenye nyuzi za glavu juu ya kidole gumba. Ndoana ina kikwapa kinachozuia isirudi nyuma, na kila nilipovuta, uzi wa sufu ulizidi kujizungusha. Ndoana ya pili ya mshipi ule ule ilikuwa bado mdomoni mwake. Alijitupa mara moja tu kurudi majini, mshipi ukakaza, na ile ndoana iliyokuwa kwenye uzi ikazama kwenye nyama ya gumba hadi kwenye kikwapa. Ilitolewa zahanati, nikachomwa sindano ya pepopunda, na tangu siku hiyo glavu yoyote ya kufumwa isiyo na mpira juu yake haikaribii ndoana yangu. Sufu yangu hukaa kavu mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Naivaa ninapongoja mikono ikiwa imekaushwa kwa kitambaa, na ninaivua kabla sijagusa mshipi.

Utaona basi kwamba ninachokupendekezea ni jozi mbili za bei ndogo, ya kazi na ya kungojea, badala ya moja ya bei kubwa inayojaribu kufanya yote.

Kuhusu kidole chako kilichochanwa, si lazima glavu ya kulia ifanane na ya kushoto. Ikiwa unatupa kwa mkono wa kulia, kidole cha shahada cha mkono huo ndicho kinachouzuia mshipi kisha kuuachia chubwi linapoondoka. Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba kuliko wa nailoni wenye nguvu ileile, kwa hiyo hukata kama uzi wa kukatia sabuni, na ngozi iliyolowa kwa saa tatu huwa laini mno. Kidole hicho kisikae wazi hata kidogo. Funga juu ya glavu kipande cha ngozi laini, au kata kidole kimoja cha glavu kuukuu ya ngozi ukivike juu ya hiki. Kwenye mkono wa kushoto, unaotia chambo na kufunga fundo, kata ncha za kidole gumba na cha shahada za ile glavu ya nje tu, usawa wa kiungo cha kwanza, na uache nitrili ya ndani ikifunika. Utahisi ndoana vizuri, na upepo hautaigusa ngozi. Ama kwa mshipi wa mkono, usiuzungushe kiganjani hata ukiwa umevaa glavu. Kambale mkubwa akiukaza, glavu haitakusaidia.

Kipimo kisikosewe, maana glavu inayobana huminya mishipa ya damu na kuleta baridi badala ya kuizuia. Nenda kwa fundi cherehani yeyote, mwombe utepe, ukizungushe kiganja chini ya vifundo vya vidole bila kuhesabu gumba, usome kwa inchi. Ukipata inchi 8, ambazo ni milimita 203, glavu yako ni namba 8. Inchi 9 ni namba 9, na kuendelea. Kwa kuwa utavaa nyingine ndani, ya nje ongeza namba moja. Ukikunja ngumi na ukahisi mpira unakuvuta kwenye ncha za vidole, ni ndogo, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba itatanuka.

Baadhi ya glavu za kazi huchapishwa alama mgongoni. Alama ya nyundo yenye EN 388 (EN ni viwango vya Ulaya) hufuatwa na tarakimu nne, nazo kwa mpangilio ni kuchubuka, kukatwa, kuchanika na kutobolewa. Toleo la mwaka 2016 liliongeza herufi ya kukatwa kuanzia A hadi F, F ikiwa imara zaidi. Kwa mshipi, angalia tarakimu ya pili na hiyo herufi. Tarakimu ya nne isikudanganye, kwa sababu jaribio lake hutumia ncha nene kama msumari, na ndoana au mwiba wa pezi la kifuani la kambale hupenya mahali ambapo msumari umeshindwa. Alama ya chembe ya theluji yenye EN 511 ina tarakimu tatu: baridi ya hewa, baridi ya kugusa vitu, na maji. Ya tatu ikiwa 1, maana yake maji hayakupenya kwa nusu saa ya majaribio. Glavu nyingi za bei ndogo hazina alama hii ya pili, nami sikulazimishi uitafute, kwa kuwa nitrili ya ndani inakufanyia kazi hiyo.

Kabla ya kulaumu glavu, tazama mwili. Ukisimama na fulana na kichwa wazi, damu haitakwenda vidoleni hata ukivaa glavu za aina gani. Koti lisilopitisha upepo na kofia ya kufunika masikio vina kazi kubwa hapa. Vifundo vya mikono navyo husahaulika, ingawa damu yote ya mkono hupita pale karibu kabisa na ngozi. Chukua soksi ya sufu kutoka mitumbani, kata sehemu ya vidole, toboa tundu la gumba kwenye kisigino, uivae chini ya mkono wa koti. Vidole vikifa ganzi, viweke kwapani dakika kadhaa. Usivipeleke juu ya jiko la mkaa, kwa sababu kidole kisichohisi huungua kabla hujajua, na nitrili ikiungua hung'ang'ania ngozi. Na ikiwa ganzi inabaki hadi mchana jua likiwa limewaka, au vidole vinageuka vyeupe kisha bluu hata kwenye baridi ndogo, hilo si tatizo la glavu. Nenda kituo cha afya upimwe.

Glavu ya mkononi haikukingi na kichocho, maana vimelea vyake hupenya ngozi yoyote iliyo ndani ya maji, na miguu yako ndiyo inayosimama humo. Buti za mpira zinahitajika kwa hilo.

Ukirudi nyumbani, osha ile ya nje kwa sabuni ukiwa umeivaa, kama unayenawa mikono, kisha igeuze ndani nje na kuitundika kivulini penye upepo. Jua la Dodoma la saa saba linapasua mpira na kuikakamaza neopreni. Nitrili ya ndani ikipata tundu, hata dogo kama la sindano, itupe. Ijaze maji kila jioni uibinye, utaona kama inavuja. Na unapomrudisha perege mdogo majini, lowesha glavu kwanza, kwa sababu mpira mkavu hukwangua ute unaomlinda ngozi.

Dada yako asitumie zile zile. Za kwako zitakuwa zimekatwa ncha, na zina vipande vya chambo ambavyo havifai kugusa samaki wa kuuzwa. Yeye anashika kisu kwa mkono mmoja na samaki kwa mwingine, kwa hiyo hatari yake iko kwenye mkono unaoshika samaki, pale miiba ya pezi la mgongoni la perege inaposimama na kisu kinapoteleza juu ya magamba. Mnunulie jozi yake, kwa kipimo chake, yenye herufi C au zaidi ya kukatwa. Glavu ya kuzuia kukatwa aivae mkono wa kushoto ikiwa anatumia kisu kwa kulia, na juu yake avae nitrili pana kidogo ili damu na magamba visiingie kwenye nyuzi. Mkono wa kisu nitrili peke yake inatosha, usije ukapoteza mshiko. Kama anaparua nje kabla jua halijatoka, na yeye avae kile kipande cha soksi kifundoni. Awekewe pia ndoo ya maji ya uvuguvugu ya kuchovya mikono ikiwa ndani ya glavu, kisha aikaushe kwa kitambaa kila mara kabla upepo haujaikuta.